Joto Hili Oveni ya Nini? Staa Tunamjua, Chapati Tunaijua

Wadau, joto limekuja na mambo yake. Ni Februari, saa tatu asubuhi shati limeshaganda mgongoni, LUKU inapiga kelele, na feni inachofanya ni kuhamisha hewa ya moto kutoka kona moja ya chumba kwenda nyingine. Katikati ya mateso hayo ndipo staa wetu mmoja akaona ni wakati mzuri wa kutufundisha kupika.

Simtaji. Na kabla hujaanza kusema naogopa, soma mpaka katikati, utaona kwa nini.

Kwenye video yenyewe yuko jikoni kwake. Marumaru nyeupe, madirisha yamefungwa, kiyoyozi kinapuliza, na kavaa gauni la hariri ambalo sijaona mtu akikandia unga tangu nizaliwe. Anasema leo ni chakula chepesi cha msimu wa joto. Mpaka hapo tuko pamoja. Anatandaza donge kwenye trei, analisukuma ndani ya oveni ya ukutani, nyuzi 220, dakika ishirini. Linatoka mkate bapa umevimbavimba, anaweka kuku, parachichi na majani majani, anaviringisha, anauma, anafumba macho. Halafu ndiyo ikaja ile kauli iliyoninyanyua kitandani: eti kama huna oveni usihangaike, agiza kwake tu. Elfu kumi na nne moja, hela ya boda juu yako.

Menyu yake imeipa jina la Kizungu. Mimi nitaiita chapati ya kuviringisha, maana ndicho kitu nilichokiona.

Sasa mimi sina ugomvi na mtu anayetafuta hela mjini. Kila mtu na mchongo wake. Ila ile kauli ya "kama huna oveni" inatufanya tuliopanga chumba kimoja tujione kama kuna kitu tumekosa ili tuweze kula vizuri. Ukweli ni kinyume kabisa. Kwa joto la Dar, kukosa oveni siyo upungufu. Ni akili.

Na hili nalisema nikiwa mhanga. Mwaka juzi nilishawishika, nikaingia Kariakoo na hela yangu ya kijumbe, nikatoka na oveni ndogo ya mezani. Nilikuwa na ndoto zangu: pizza Ijumaa, mkate Jumapili, picha za kutupia mtandaoni zisizoisha. Nilipika mara mbili tu. Mara ya kwanza chumba kiligeuka bafu la mvuke, nikala nimekaa ngazini. Mara ya pili ndiyo nikaitiwa kikao. Nyumba ile mita ilikuwa moja, vyumba sita, tunachangia LUKU kwa usawa, na mtu ukiwasha kitu kikubwa wenzio wanajua. Mama wa chumba cha mbele aliuliza kwa upole kabisa, "Hivi mwenzetu unaoka mikate ya biashara?" Nilitamani ardhi ipasuke. Oveni sasa inakaa juu ya kabati, ndani naweka vitunguu.

Ngoja nikupe hesabu kidogo, maana watu wanadhani tatizo la oveni ni bili tu. Oveni ndogo kama ile imeandikwa wati 1,500. Ikiwaka saa nzima bila kujizima, ni yuniti moja na nusu. Kwa bei ya kawaida ya yuniti, shilingi mia tatu na hamsini na ushee, hiyo ni shilingi mia tano na kitu. Si hela ya kumliza mtu. Kinachoumiza ni kwamba ule umeme wote unaishia kuwa joto, na joto lenyewe halina pa kwenda. Feni ya mezani inakula kama wati 50. Maana yake ukiwasha oveni umeweka chumbani kwako nguvu ya feni thelathini, ila zote zinapuliza moto. Nje kwenyewe Januari na Februari mchana unagonga nyuzi 32, 33, na unyevu wa baharini juu yake ambao hauruhusu hata jasho kukauka. Usiku nao unagoma kupoa. Chumba cha futi kumi kwa kumi utakipoza na nini?

Wazee wetu waliolijenga eneo hili walilijua hili kuliko sisi. Ile nyumba ya Kiswahili, ambayo chache bado unaziona zimebanwa katikati ya maghorofa kuanzia Gerezani mpaka Mchikichini, ina ukumbi katikati, vyumba kulia na kushoto, na nyuma kuna uani. Jikoni ni uani. Moto unawaka nje, moshi unaenda zake juu, watu wanalala ndani kwenye ubaridi. Hata soko lenyewe la Kariakoo alilolichora Beda Amuli miaka ya 1970, na lile paa lake la zege la miavuli iliyogeuzwa, lilijengwa hewa ipite. Leo tumepanda ghorofa ya nne, dirisha linatazama ukuta wa jirani, upepo wa kaskazi unaishia kwa mwenye nyumba ya mbele, na jiko tumelileta pembeni ya kitanda. Halafu mtu anakuambia uongeze oveni.

Haya, sasa ubuyu.

Kuna mama yetu wa chapati, mitaa ya Kariakoo, mtaa gani usiniulize. Mimi ni mteja wake wa asubuhi, supu na chapati mbili, miaka mitatu sasa. Wiki ile ile ya video nilifika mapema kidogo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Zako mbili?"

Pembeni ya meza, ndani ya ndoo nyeupe iliyotandikwa kanga safi, nikaona mrundo wa chapati ambazo sijazizoea pale. Nyembamba, kavu, zina madoa ya kahawia, hazing'ai mafuta. Nikauliza ni za nani. Za oda, akasema, akabadilisha mazungumzo. Dakika mbili baadaye boda akapaki, mgongoni kabeba boksi lina stika. Stika ile nimeiona jana yake kwenye video. Nikaangalia stika, nikamwangalia mama, mama akaniangalia mimi.

"Mwanangu, usinivunjie riziki."

Ndiyo sababu simtaji staa. Oda yenyewe ni chapati sitini kwa siku, mia tano mia tano. Ni elfu thelathini ambayo mama anaijua kabla hajawasha moto. Na msimu huu, aliniambia mwenyewe baadaye, supu inadoda, watu wanaona joto, wanapita na kununua maji ya baridi. Ile oda ndiyo inayomlipia meza. Nikianika jina hapa kwa ajili ya kiki ya siku mbili, staa atabadilisha mpishi kesho yake asubuhi, na atakayelala na njaa hatakuwa yeye.

Kwa hiyo tuelewane. Ule mkate wa oveni ni wa kamera. Kinachokuja na boda mlangoni kwako kwa elfu kumi na nne ni chapati ya frampeni, iliyosukumwa kabla ya adhana ya alfajiri na mwanamke aliyefunga kanga kiunoni, pembeni ya barabara. Nami nasema hivi: afadhali! Ni chapati nzuri. Ni nzuri kuliko ule mkate. Sisemi ni wizi pia, kuna kuku mle ndani, kuna mfungashio, kuna kodi na mpishi wa kumlipa. Kinachonikera ni kwamba anatuambia kitu hicho hakiwezekani bila oveni, wakati yeye mwenyewe anajua kwamba oveni haikuhusika kabisa.

Mama nilimbembeleza anifundishe. Alicheka sana. Alisema zile nyembamba alijifunza zamani akifanya kazi za ndani kwa familia moja ya Kihindi kule Upanga, na kwamba joto likizidi ndizo anazokula mwenyewe. Zile za mafuta ni za wateja. Nimezipika sasa mwezi mzima, geto, kwenye jiko la gesi la mtungi wa kilo sita, na nimekosea za kutosha kuweza kukuelekeza.

Vikombe viwili vya unga wa ngano, chumvi nusu kijiko cha chai, mafuta vijiko viwili vya chakula. Maji robo tatu ya kikombe, na yawe ya moto. Hapa ndipo siri ilipo. Maji ya moto yanaufanya unga unywe maji mengi zaidi na usivute sana kama mpira, kwa hiyo chapati inabaki laini hata ikipoa. Ukikandia maji ya bomba utapata kitu kizuri kikiwa cha moto, lakini saa sita mchana kimeshakuwa kifuniko cha sufuria. Koroga kwanza na mwiko usije ukaungua, kikipoa kidogo ingiza mkono, kanda mpaka donge liwe laini kama ncha ya sikio. Funika na kitambaa, liache nusu saa. Usiliruke hili la kuacha. Mara ya kwanza niliruka, nikawa nasukuma chapati inarudi, nasukuma inarudi, tukagombana mimi na unga.

Kata madonge manane. Kwenye zile za kawaida hapa ndipo unapopaka mafuta, unakunja kama konokono, halafu unasukuma tena, ndiyo zinapata zile kurasa. Kwenye hizi acha. Sukuma moja kwa moja, nyembamba mpaka ukiiinua unaona kivuli cha vidole vyako. Kama huna mti wa kusukumia, chupa ya soda inafanya kazi, mimi ndiyo ninayotumia. Frampeni iwe ya moto kweli, na kavu, hakuna mafuta. Tupia chapati, ndani ya nusu dakika itaanza kutoa mapovu, igeuze, ibonyeze pembeni na kitambaa, ikivimba itoe. Moja inachukua dakika moja na nusu. Zote nane ni dakika kumi na mbili na moto umezima. Kila inayotoka iweke ndani ya kitambaa kilichofungwa, ule mvuke wake ndio unailainisha.

Linganisha na ile oveni. Yeye dakika ishirini za kuoka, na kabla ya hapo oveni lazima ipate moto, ambayo ni dakika kumi na tano nyingine. Nusu saa na zaidi chumba kinachemka. Mimi naamka saa kumi na moja na nusu, bado kuna kaubaridi, nikimaliza nafungua dirisha, nikitoka kuoga joto limeshaondoka. Chapati nazila mchana zikiwa za baridi. Nani alisema chapati lazima iwe ya moto? Supu ndiyo ilituzoesha hivyo.

Na uzito ule tunaoulalamikia, ile kula chapati mbili saa nne halafu unasinzia kwenye mwendokasi mpaka unapitilizwa kituo, si ngano peke yake, ni mafuta. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ni kama kalori 120. Hesabu yanayopakwa ndani, hesabu ya kukaangia, zidisha kwa mbili. Naipenda sana chapati ya mafuta, asinielewe mtu vibaya, sitaiacha mpaka nife. Lakini ni chakula cha Juni na Julai, asubuhi, na supu ya kongoro. Kwa Februari mchana hapana.

Kwenye kujaza sasa kila mtu na mji wake, ila nikuambie kinachonikosha. Kachumbari ya embe bichi. Embe likatwe vipande vyembamba kama kiberiti, kitunguu ulichokiosha na chumvi, pilipili, ndimu, basi. Weka na samaki wa jana. Kibua wa kukaanga kutoka Feri, umchambue miiba, ndani ya chapati ya baridi na hicho kiembe, utasahau kama kuna mtu anaitwa staa. Siku ambayo mfuko umetoboka, maharage ya jana: yaponde na uma, kamulia ndimu, tia pilipili na tango. Mtindi nao ni silaha. Ukichanganya na kitunguu saumu kilichosagwa na chumvi kidogo una rojo ambalo mgahawani wangekuuzia kwa kijiko. Kuku si lazima. Parachichi likiwa zuri nalo sawa, lakini sokoni wakati huu utauziwa jiwe, uambiwe litaiva kesho.

Kitu kimoja tu cha kuzingatia: kachumbari na samaki beba kwenye kontena la pembeni, ujaze wakati wa kula. Ukijaza asubuhi, mchana unafungua uji. Na kwa joto hili chochote chenye samaki au mtindi kisikae kwenye begi mpaka jioni. Kama ofisini hakuna friji, siku hiyo beba maharage ya asubuhi hiyo hiyo, au mayai ya kuchemsha.

Nikisema mayai nakumbuka majirani zetu Waganda, ambao kwa hili wametupiga bao mchana kweupe. Rolex ya Kampala ni chapati na mayai ya kukaanga yenye kabichi na nyanya, vikaviringishwa pamoja, ilishika umaarufu kwa wanafunzi pale Wandegeya karibu na Makerere. Jina lenyewe ni Kiingereza cha mayai ya kuviringisha kilichotamkwa haraka haraka mpaka kikawa saa ya Uswisi. Leo ni chakula cha kujivunia nchi nzima, watalii wanakipanga foleni, na kinapikwa kibandani kwenye bamba la chuma. Hakuna aliyesubiri kununua oveni kwanza.

Sisi wenyewe tunavyo. Pizza ya Forodhani kule Unguja, pamoja na jina lake hilo la Kiitaliano, haijawahi kuiona oveni: ni donge jembamba kama karatasi, linafungwa na nyama na yai, linakaangwa kwenye chuma mbele ya macho yako. Mkate wa ufuta ndio unaonipa raha zaidi. Unga wa hamira na tui, mlaini kabisa, unatandazwa kwenye kikaango unashika chini, ukishaiva upande huo mpishi anakipindua kikaango chenyewe kuelekea makaa, mkate umening'inia kichwa chini unababuka juu na ufuta wake. Hebu fikiria aliyelibuni hilo. Alitaka mkate ulioiva juu na chini, hakuwa na oveni, akageuza chombo badala ya kugeuza mkate. Na ndugu zetu walioko Oman watakuambia habari za rakhal, ule mkate mwembamba kama pazia unaopakwa kwa mkono juu ya bamba la moto. Kule joto la kiangazi ni la kutisha kuliko letu. Hawakuchagua bamba kwa bahati mbaya.

Nikirudi mjini kwetu, kuna makaka najua mmeshaanza kusema kusukuma chapati ni kazi ya akina dada. Kaka yangu, pale Forodhani anayetandaza ile pizza ni mwanaume. Wauza rolex wengi Kampala ni wanaume. Anayekukaangia chipsi mayai saa sita usiku ni mwanaume, na wewe unamwita fundi. Unga haujui jinsia. Unakaa geto, una mtungi wa gesi, unashindia soda na keki ya mia tano kila mchana halafu jioni unalalamika mwili hauna nguvu. Kilo ya unga ni wiki nzima ya chapati kwa mtu mmoja. Piga hesabu yako mwenyewe na bei ya duka la mtaani kwako.

Jambo moja ambalo silo la utani. Kuna wanaopika chumbani na jiko la mkaa, hasa mvua ikinyesha, wanafunga mlango. Usifanye hivyo hata kwa chapati moja. Moshi unaouona siyo unaoua, kuna hewa ya sumu ya mkaa ambayo haina harufu wala rangi, na watu wanalala wasiamke. Kama chombo chako ni mkaa, toka nao nje, uani, koridoni kwenye upepo, popote penye hewa. Ndiyo maana nafurahia angalau mazungumzo ya nishati safi yamefika mpaka kwa wakubwa. Mwaka 2024 taasisi zinazolisha watu zaidi ya mia moja zilipigwa marufuku kutumia kuni na mkaa, na mkakati wa taifa unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Safi sana. Ila mtungi ukiisha katikati ya mwezi watu wanarudi kwenye mkaa, tunajua. Kwa hiyo chakula cha dakika kumi na mbili kwenye gesi siyo suala la mtindo tu, ndicho kinachofanya mtungi ufike tarehe ya mshahara.

Mtu ataniuliza, kama ni rahisi hivyo kwa nini watu wanaagiza? Kwa sababu tumechoka, jamani. Mtu anatoka kazini Posta saa moja usiku, amesimama kwenye basi dakika arobaini, unamwambia akakande unga? Mimi mwenyewe kuna siku naagiza. Siku ya kuchoka agiza, hela ni yako. Ila agiza ukijua unalipia uchovu wako. Usilipie aibu ya kutokuwa na oveni. Au pita kwa mama wa mtaani kwako, mwambie akutengenezee nne kavu, nyembamba, bila mafuta. Wengi hawaziuzi kwa sababu hakuna anayeziuliza. Kachumbari utakata mwenyewe nyumbani, umeshakula kwa elfu tatu na mama kapata hela yake mkononi.

Na kwako wewe staa, najua unasoma huku, maana mara ya mwisho tulipoandika habari za wigi ulituma mtu. Sikudai risiti. Futa tu ile sehemu ya "kama huna oveni". Na kama una roho kidogo, ongeza kwenye menyu yako maneno mawili: chapati, Kariakoo. Jina la mama usiweke, hapendi. Watu wa mjini hawatakukimbia, watakupenda zaidi, kwa sababu wote tunajua chapati ya Kariakoo ikoje. Ile mia tano nayo iangalie upya. Unga umepanda, gesi imepanda, na chapati nyembamba zinataka mkono zaidi kuliko zile nene, muulize anayezisukuma sitini kabla jua halijatoka.

Leo asubuhi nilipita. Ndoo ilikuwepo, kanga ilikuwepo, boda alikuwa amechelewa. Mama alinipa moja kavu ya bure, akanikunjia na chumvi na ndimu tu ndani, akasema nionje hivyo kabla sijaanza kujaza mavitu yangu. Jaribuni na hiyo.

Haya, na nyie huko Buguruni, Magomeni, Ilala, Temeke: joto hili mnakula nini mchana? Shusheni hapo chini, na kama una njia ya kuokoa chapati iliyokauka, anza wewe.